Feni ya Saba

Saa tisa usiku feni ya saba ikanyamaza.
Nikakurupuka na tochi kati ya makabati,
nikitafuta harufu ya waya ulioungua.
Hakuna. Mashine imeamua tu.

Miezi minne imevisoma vipimajoto vyangu,
fukuto la Machi, jasho la kuta za Miritini,
saa ambazo mji huweka simu chini,
hadi ikang'amua
kwamba baridi yangu ilikuwa ya woga:
digrii kumi na nane, mwaka kucha,
nikizigandisha seva kama samaki wa kuuzwa kesho.

Bwana Shekuwe alileta chati.
Umeme umeshuka kwa thuluthi.
Akapiga makofi, nasi tukapiga.
Hakusema zamu ya usiku itabaki na wangapi.

Asubuhi nikarudi Kisauni.
Mama kaizima friji tangu isha,
tokeni imebaki yuniti mbili na nusu.
Nikamsimulia, viatu bado miguuni:
ile mashine imejifunza
kuzima kisichohitajika.

"Miezi minne?"
Akaendelea kuchambua mchele.
"Wewe nilikufunza kwa kofi moja."