Viatu Chini ya Kitanda

Afisa wa ustawi alikuja usiku wa manane,
Bwana Trexler, na tochi yake na kalamu ya risasi.
Hakukung'uta theluji miguuni.
Akainama, akamulika chini ya kitanda cha mama
akitafuta viatu vya mwanamume.
Sheria ya jimbo: penye mwanamume hapana hundi.
Alikuta vya baba, vile vya Jumapili,
baba aliyebaki mgodini tangu Machi.
Akavinusa ndani,
kisha akaandika.

Jumapili Padre Bazyl naye akauliza
kwa sauti ya asali, mlangoni pa ghala la kanisa:
"Paraska, ni nani yule anayekupasulia kuni?"
Gunia la viazi lilikuwa nyuma yake, limefungwa.
Mama akajibu, "Ni mwenye shoka, padre."
Tukarudi mikono mitupu,
mimi na Metro tukicheka, mama hacheki.

Mmoja alikuwa na muhuri, mwingine ana msalaba,
na wote wawili walipitia kitandani kwanza
kabla ya kufika chunguni.

Mwenye shoka alikuwa Stas Wojtanek,
mlevi, mcheza karata, mdeni wa kila duka.
Alitumwagia makaa ya wizi kwenye dirisha la chini
saa ambayo hata mbwa wamelala.
Hakubisha. Hakuuliza kama tunafunga Kwaresima.

Ningependa kuishia hapo,
niseme jirani ndiye serikali, jirani ndiye kanisa,
nanyi mtikise vichwa, shairi lilale salama.
Lakini Februari Stas alipata kazi Cleveland,
akaondoka bila kuaga.
Dirishani likabaki vumbi jeusi.
Huruma ina miguu.

Hundi, hiyo ilikuja.
Kila tarehe tatu, jina la mama limekosewa herufi,
imetumwa na watu wasiotupenda
na wasiolazimika kutupenda.
Tulikula dharau yao iliyopigwa chapa,
na Metro akanenepa.

Na bibi alipokufa, ardhi ikiwa chuma,
Padre Bazyl yule yule wa viazi
alivua kanzu, akashika sururu mwenyewe,
akachimba tangu alfajiri mpaka viganja vikachuruzika damu.
Jimbo halina fomu ya jambo hilo.
Mpaka leo sijui nimweke wapi.

Sasa mimi ndiye niliye nyuma ya kioo.
Ukurasa wa nne, swali la kumi na moja:
Ni nani mwingine anayelala nyumbani kwako?
Asubuhi hii binti mmoja, mimba ya miezi saba,
aliiinua kalamu akaiacha hewani.
Nikamwambia, "Ruka hilo."
Nikagonga muhuri haraka, kama mwizi wa makaa.

Wala sijivuni.
Angesimama dirisha la pili, kwa Bi. Garnet,
angeulizwa mpaka jina la paka.
Mkate wake umetegemea foleni ipi ilikuwa fupi,
na mimi niliamkaje leo.
Hiyo nayo ni haki gani?

Alishukuru, akainuka kwa shida.
Ndipo nikaona miguu yake:
viatu vya kiume, vikubwa,
kamba zimezungushwa mara mbili kifundoni
zisimwangushe barafuni.