Gurudumu la Kushoto

Mlio ulianza Tabata Relini, spidi sitini:
nyuki mmoja ndani ya mtungi.
Nikikata kulia anapanda,
nikikata kushoto ananyamaza kama mtoto aliyeiba sukari.
Watoto wa shule niliowabeba walidhani ni wimbo wa gari.
Wakaufuatisha.

Fundi Mahimbo hakuuliza kitu.
Alipiga jeki, akazungusha tairi kwa kiganja,
vidole viwili juu ya springi, macho kayafumba,
kama anayehesabu mapigo ya mgonjwa.
"Beringi," akasema. "Nenda Gerezani.
Usirudi na boksi zuri. Rudi na beringi."

Mama Nderumaki akapanga tatu juu ya kioo cha kaunta.
Elfu thelathini na tano: mpya, inang'aa,
jina la kampuni lina herufi moja imezidi.
Elfu hamsini: mtumba, imechomolewa kwenye gari lililokatwa,
ukingoni bado kuna chumvi ya nchi yenye theluji.
Laki na arobaini: hiyo aliitaja kwa sauti ya chini,
kama mtu anayetaja jina la marehemu.

Nikazipima mkononi kama nanunua vitunguu.
Nikazizungusha.
Ya kwanza ilikimbia mno, nyepesi, ya kujipendekeza.
Ya pili ilisita mahali pamoja, kila mzunguko, palepale.
Ya tatu ilikwenda kwa uzito wa asali, ikasimama ilipotaka.
"Ipi ina nguvu?"
"Nguvu ya nini?" Mama akanirudishia.
"Ya kubeba, au ya kuvumilia madimbwi ya Kinyerezi?
Maana kubeba, zote zinabeba. Leo."

Rahisi ghali, najua.
Ghali nayo ni ghali.
Nikatoa nauli ya mwezi ya watoto watatu, nikafunga pochi.

Kwa Mahimbo, kijana wake alikwishashika nyundo.
Sijawahi kumsikia mzee yule akifoka vile.
"Ukiigonga unaiua kabla haijazaliwa!"
Wakaipeleka kwa jirani mwenye presi,
ikaingia taratibu, uzi kwa uzi,
na mimi kumbe nilikuwa nimebana pumzi.

Ya zamani akanifungia kwenye gazeti.
Grisi imekuwa uji mweusi, gololi zina ndui.
Miezi miwili imelia, nami naongeza sauti ya redio.
Nguvu hiyo hakuna aliyeiandika kwenye boksi:
kuchakaa kwa sauti,
kumpa mwenye gari nafasi.
Shemeji yangu Athanasi hakulia hata siku moja.
Alikatika tu, Jumanne.

Saa moja usiku, barabara ya Mandela. Redio nimezima.
Sitini. Sabini.
Kimya.
Nashusha kioo nikisikilize vizuri,
kimya cha laki na arobaini,
bado sijakiamini.
Kesho asubuhi, tukifika Relini,
watoto watauliza nani kauzima wimbo.