Chupa Namba Saba

Kila Jumanne kiwanda hunawa uso.
Wanajua Jumanne ndiyo siku yangu:
bomba linatoa maji ya kunywesha mgeni,
na meneja ananionyesha kibali ukutani,
fremu ya dhahabu, kioo kimefutwa.

Nakinga. Naandika: Igogo, saa nne asubuhi,
nyuzi ishirini na sita, hakuna harufu.
Mkono unaandika, pua inakataa.

Kwani hayo mawe chini ya bomba
yamevaa nini? Utando wa mafuta ya sangara,
mnene, wa kijivu, wa wiki nzima.
Jiwe halipewi taarifa ya ukaguzi.

Lubango, mlinzi wa geti la nyuma,
hakusema neno. Alinirudishia kitambulisho,
akaweka kidole juu ya saa yake, penye mbili,
kisha akatazama ziwa.

Basi usiku, saa nane.
Buti, tochi mdomoni, chupa namba saba.
Bomba linakohoa, halafu linatapika:
wekundu, magamba, uvuguvugu,
povu linanipanda hadi gotini,
na hatua thelathini kutoka hapo
beseni la mtu limepinduliwa juu ya jiwe,
linangoja alfajiri na nguo za watoto.

Chupa iko kwenye barafu.
Barua yao itasema hitilafu ya umeme.
Sawa. Nimeandika saa, nyuzi thelathini na tisa,
nimeandika Minza Nkwabi kwa wino usiofutika.

Fomu haina mstari wa beseni.
Nimeliandika pembeni.