Kona ya Chini, Kushoto

Nakata vioo Mbuyuni, nyuma ya duka la mbegu.
Nimetia fremuni picha za kipaimara mia nne na kitu,
bwana harusi, bibi harusi na ndafu
wote watatu wakiitazama kamera,
marehemu wa kila ukoo kuanzia Kibosho hadi Rombo,
na mlima, mlima, mlima.
Mlima mmoja ulikuja Mawenzi ikiwa kushoto.
Nikamwambia mwenye nao: huyu aliyechora
alisimama Kenya, au aliutazama kwenye kioo.
Siku hiyo nilijiona msomi.

Kisha Julai, mlima umejifunika tangu Jumapili,
akaja Aikande na kitu kimefungwa kwa shuka la hospitali.
Akakifungua mezani, juu ya unga wa mbao.
Hakuna mtu ndani. Hakuna ng'ombe, hakuna nyumba.
Kijivu tu, kijivu cha maji yaliyooshea mchele,
na katikati kijani kinapita, chembamba,
kama mtu aliyechungulia akaghairi.

"Unaonaje, fundi?"

Nikasema, "Nzuri."

Nzuri! Nzuri naisema chai ikinuka moshi.
Nzuri nampa kichanga wa jirani
kabla hata sijafunuliwa uso wake.
Akaniandikia namba kwenye kipande cha kadibodi, akaenda.

Siku nne nikamdanganya kioo hakijafika kutoka Arusha.
Kioo kilikuwa hapo hapo, kimeegemea ukuta.
Nilikunywa mtori nikiitazama. Niliwasha taa, nikazima.
Kijana wangu Elinami, yuko kidato cha nne,
akasema, baba, hizo zina maneno yake,
kuna watu wamezisomea, usije ukajiaibisha.
Ni kweli. Maneno yake sina.
Wahenga walisema macho hayana pazia;
hawakusema ulimi una mlango na komeo.

Lakini magoti yangu hayakusoma, na mvua yanaijua.
Nikaanza na nilichonacho.
Nikasema peke yangu, kwa sauti, kama mwehu:
hii picha ina baridi.
Hii picha ni saa kumi na moja alfajiri,
mgonjwa amepata usingizi hatimaye
na wewe huthubutu kukohoa.
Kile kijani sikijui. Kile kijani tukiache.
Ila kona ya chini, kushoto, mkono umebadilika:
brashi ilikuwa inatembea, hapa inaburuta mguu.

Ijumaa akaja. Nikafuta mikono kwenye suruali.
"Dada, mimi haya mambo siyajui."
"Sema tu."
"Hapa. Hapa chini ulichoka.
Au kuna mtu alikuita?"

Akainama. Akaangalia muda mrefu,
gari la taka likapita, likageuza, likapita tena.
"Rangi iliisha," akasema.
Tukacheka mpaka mwenye duka la mbegu akachungulia.
Kisha, kicheko hakijamtoka vizuri:
"Lakini sikwenda kununua nyingine."

Fremu, kwa kawaida, inakula picha.
Upana wa kidole kila upande,
mteja hajui, hakuna anayelalamika.
Yake niliikatia nafasi kule chini,
ule mguu unaoburuta uonekane wote.

Akaomba nimpunguzie elfu tatu.
Nikapunguza mbili.
Akavuka barabara ameikumbatia, kioo kikiangalia nje,
kikibeba watu, mabati, bodaboda, kipande cha mbingu,
na katikati yao kile kijani
kinapita,
na hadi leo sikijui.