Tawi la Nguruka

Kijana wa Isevya kanitandazia fulana mpya,
nyeusi, bado yanuka wino.
Kifuani: SANTURI ZA MIHAYO.
Mgongoni matawi, yamefuatana kama vituo vya reli:
Tabora, Urambo, Kaliua, Kigoma.

"Za kale hizi, mzee. Ndizo zinazotamba."
Yeye kazaliwa duka limeshageuka ghala la mbolea ya tumbaku.

Nikausoma mgongo tena, kwa kidole.
Wameiruka Nguruka.

Nguruka, ambako tawi lilikuwa mimi,
kaunta ya mninga na redio ya betri sita;
kanda nikizizungusha kwa kalamu, betri zisije zikaisha,
majina ya nyimbo nikiyaandika kwa mwandiko wa shule.
Na Sekunda, aliyekuja kusubiri treni,
hanunui kitu,
anasikiliza upande wa kwanza.
Treni ikichelewa, upande wa pili.
Nami nikiiombea treni mabaya.

"Elfu kumi na tano."
Nimelipa, sikuomba apunguze.

Usiku nimetunga uzi mweupe,
chini ya Kaliua, juu ya Kigoma, penye upenyo.
Nimeshona NGU,
macho yakagoma.
RUKA nitaimalizia kesho.