Ajenda ya Nne

Jumanne, saa kumi na nusu, ofisi ya kanisa, Kibaigwa.
Wajumbe tisa. Sala imesaliwa. Chai haijafika.
Mimi ndiye karani, nimeandika:
"Ajenda ya nne: kijana anayefoka."

Mzee Chilewa akasema aliyoyasema
(nimeandika: "Mjumbe alionyesha kutoridhika").
Kwamba ile si sifa, ni ugomvi uliowekewa spika.
Kwamba Daudi alicheza, sawa, lakini hakugeuza kofia kisogoni.
Kwamba Mungu si kiziwi.
Bi Mbeleje akajibu bila kunyoosha mkono:
"Viziwi ni sisi."
Hilo sikuliandika.

Yako mengi sikuyaandika.
Jumapili nilikaa benchi la tatu kutoka mlangoni,
ubavuni mwa magunia ya fungu la kumi,
akapanda Elisha Ndahani, yule wa mashine ya kukoboa,
pumba bado nyeupe kwenye nyusi,
akaomba kinanda kinyamaze.
"Mbukwenyi!" akaamkia,
na wazee wakajikuta wameshaitika
kabla hawajapata nafasi ya kukasirika.

Kisha akabonyeza simu.
Mdundo ukaingia kwa miguu, ukapanda kwa magoti,
vioo vya madirisha vikatetemeka,
mtoto wa Nehemia akadondosha andazi.
Na Elisha akamwaga maneno
kama mtu aliyefungua gunia kwa chini:

*Baba aliuza shamba, akanunua chupa,
chupa ikamuuza baba, tukabaki kutafuna mifupa.
Nikamuuliza Mungu, "Uko wapi siku hizi?"
Alikuwa jikoni na mama, wakipuliza kuni mbichi,
moshi ukawaliza wote wawili,
mimi nikadhani analia mmoja.*

Hapo umeme ukakatika.
Mdundo ukafa, vina vikamponyoka,
akabaki mtoto wa mtu, mkononi ana kipaza sauti kisichopaza.

Nimeshasikia kimya kingi katika lile kanisa,
cha mazishi, cha mahesabu ya ujenzi.
Kile kilikuwa kingine.
Vijana wa kushoto walisimama kama uwele ulioonja mvua.
Mama mchungaji alitabasamu nusu ya mdomo,
nusu ya pili ikamsubiri mumewe.
Mzee Chilewa alikuwa ameshatoka, kwa hasira, mlango ukisikika;
lakini kupitia dirishani niliuona mguu wake,
kiatu cha kulia, kikipiga vumbi
mdundo uleule uliokwisha kufa ndani.
(Naapa. Ila kumbukumbu za kikao hazina safu ya miguu.)

Aliyeuokota ni Bi Mbeleje.
Benchi alilipakata kama muheme wa usichana wake,
akalipiga kwa viganja, taratibu, akimfundisha kijana
kwamba hata kufoka kuna pa kuvutia pumzi.
Elisha akamfuata. Alikosea mara mbili.

Na nyuma kabisa, pembeni mwa ndoo ya maji,
alikuwepo baba.
Hakupiga makofi. Hakulia, wala hakutoka.
Alivua kofia akaitazama kwa ndani, muda mrefu,
kama mtu aliyeweka kitu humo mwaka fulani.

Jana amenikuta sokoni, karibu na mizani ya mahindi.
"Karani, yale maneno uliyaandika?"
"Yapi, mzee?"
"Ya kuni mbichi."
Sikuwa nimeyaandika. Nikamwambia, nikasikia haya.
"Niandikie."
"Nitakusomea, basi."
"Usinisomee. Mimi niliyasikia. Wewe nipe tu karatasi,"
na akashika ukingo wa kofia.

Sasa mwenyekiti anagonga meza kwa kalamu.
Chai imefika, haina sukari, wamegombania hilo pia.
Nimeandika: "Imeamuliwa: suala liahirishwe
hadi litakapopatikana neno la mchungaji wa jimbo."
Wote wamesema ndiyo. Bi Mbeleje amekohoa.

Nimegeuza ukurasa.
Nyuma yake, kwa mwandiko wangu wa barua,
siyo ule wa kikao,
*alikuwa jikoni na mama*
nimeandika, kisha nimesita,
nikijaribu kukumbuka kama alisema *walipuliza* au *wakipuliza*,
maana mzee atajua.