Jani la Amani

Babu alitufundisha kuhesabu kwa vidole vyake,
lakini kidole cha shahada cha kushoto kilikuwa nusu;
nusu nyingine aliiacha Ngomeni, shamba namba saba,
mwaka ambao, alisema, hata mkonge ulikuwa na njaa.
Kwa hiyo tulikua tukijua kwamba kumi ni tisa na nusu,
na mwalimu wa darasa la kwanza alipata taabu.

Mtita ni majani thelathini.
Unakata, unalitoa jani mwiba wa ncha, unalilaza.
Thelathini, kisha kamba.
Nyapara akipita na fimbo yake alihesabu apendavyo:
ishirini na tisa, akasema,
na siku nzima ikafutwa kwenye kipande.
Tangu hapo babu aliongeza moja.
"La thelathini na moja si la kampuni," alisema.
"Ni la amani."

Barua zilimjia kwa jina la Hizkia Semng'indo.
Sokoni Muheza alikuwa Mzee Moja Juu,
maana machungwa nayo aliyauza hivyo hivyo,
hesabu kamili, halafu moja juu,
hata kwa mchuuzi aliyemdhulumu msimu uliopita.
Bibi Agnesi alinung'unika:
amani yako inatumalizia gunia.

Sitaki kumfanya malaika.
Betri za redio alizianika juu ya bati kama dagaa,
zipate nguvu ya taarifa ya habari tu, kisha kimya.
Hakumsemesha mdogo wake miaka kumi na mmoja
kwa ajili ya migomba minne.
Siku ya kupatana hakuna aliyeomba radhi:
mdogo alikuja na jembe lake,
wakaupalilia mpaka mpaka ukapotea.
Na kanisani alichelewa neno moja nyuma ya kwaya;
Amina yake ilitua peke yake,
sisi watoto tukiibana midomo tusicheke.

Alichokichukia hasa ni nailoni.
Haiozi, alisema, kwa hiyo haijui kuaga.
Ilipokuja, korona ilinyamaza,
ile harufu kali ikahama mtoni,
wanaume wakarudi makwao
na mikono inayowasha bila kazi.
Yeye alirudi na kisu, koti la mvua
na miche sita ya michungwa iliyofungwa kwenye gazeti.

Siku ya kumzika, Mdoe alitoka dukani
na kamba mbili mpya, za buluu, zinang'aa.
Tukatazamana.
Bibi akaingia ndani, akapiga goti, goti likalia kama mlango,
akavuta kutoka uvunguni kamba ya katani
aliyoisokota mzee mwenyewe, hatujui lini,
nyeupe, ndefu, imeviringwa kama nyoka aliyelala.
"Alisema mtaitafuta."

Tulimshusha kwayo.
Ikaguna kidogo. Ikashika.

Usiku, chini ya turubai, Mdoe akapiga hesabu kwa sauti:
tisini na tatu.
Mitita mitatu, na kila mtita na jani lake la amani!
Watu wakasema, lo. Mjomba akalia.
Bibi hakuinua macho kwenye kikombe cha uji.
"Mwaka huo mmeuandika nyie," alisema.
"Cheti cha ubatizo kilinyeshewa kabla mimi sijaolewa."
Tukacheka, msibani, kicheko cha tumboni,
mpaka majirani wakachungulia.

Mimi viganja vilikuwa vinaniwasha.
Vinyuzi vya katani vilikuwa vimejichoma kwenye ngozi,
vidogo, huvioni mpaka uelekeze mkono kwenye taa.
Dada akaniletea maji ya moto na sabuni.
Nikamwambia, ngoja kwanza.

Jumapili kwaya ilimaliza, kinanda kikakata.
Hakuna aliyeketi.
Padri akatutazama, akafunga kitabu, akakifungua tena.
Kanisa zima tulikuwa tumesimama
tunaisubiri ile moja.